Uzi, lakini sio ile ya Gor

Wacha nianze na aibu yangu. Mimi jezi huitafuta mapema kabla bei haijapanda, sasa siku hiyo niko kwa mat ya kuelekea Umoja, tumekwama hapo Donholm kama kawaida, nikaandika kwa simu "uzi mpya" nikitarajia jezi ya kijani ya timu ya Gor Mahia, na simu ikaniletea mabunduki yanayoitwa Uzi. Picha juu ya picha, nyeusi tupu. Mama alikua amekaa kando yangu akachungulia kioo cha simu, akavuta mkoba wake taratibu akaupakata. Nikashuka stage moja mapema ju ya kuona haya.

Lakini nilikua nimeshaona kitu. Ile picha ya kwanza ilinikumbusha sanduku la shule. Mzee wangu amepiga bati Kamukunji miaka mingi, likizo zangu zote za primary nilizimaliza pale nikishika bati huku yeye akigonga, na ule mwili wa bunduki ulikua ni bati la kukunjwa, na mistari ya kubonyeza ubavuni, vile vile sanduku huwekewa mistari ndo lisibonyee ukilikalia. Nikajiuliza, hii si ndo ile ya muvi, ile majamaa wanachomoa ndani ya koti? Kwani imetengenezwa na fundi wa masanduku? Basi ndo nikaanza kuchimba na sijatoka huko mpaka leo.

Kwanza tutoe mkanganyiko. Kwa kinyozi yangu bunduki yoyote fupi inayomwaga risasi inaitwa Uzi, na yoyote ndefu inaitwa AK, kisha iliyobaki ni mguu wa kuku. Sivyo. AK hutumia risasi ndefu ya vita, ya kufika mbali. Mguu wa kuku, yaani bastola, hutumia risasi fupi na kila ukivuta traiga inatoka moja. Uzi iko katikati: risasi yake ni ile ile ya bastola, milimita 9, lakini ukishikilia traiga inaendelea kumwaga mpaka uachilie ama magazini, kile kikasha cha risasi, iishe. Familia hiyo yote wazungu huiita sabu-mashini-gani. Faida yake ni kwamba risasi ya bastola haina nguvu za ajabu, kwa hivyo bunduki inaweza kuwa rahisi sana ndani. Ubaya wake ni huo huo, kwamba ukipita mita mia mbili hivi haikusaidii sana.

Wazo lenyewe lilitoka kwa mahandaki ya vita ya kwanza ya dunia. Bunduki za wakati huo zilikua ndefu kama mwiko wa ugali ya harambee, ukiwa ndani ya handaki hata kugeuka ni shida, Wajerumani 1918 wakaleta MP 18 ya Hugo Schmeisser. Vita ya pili ikaja, Uingereza ikajikuta haina silaha za kutosha na haina pesa, ndo wakatoa Sten mwaka 1941. Jina Sten ni herufi za kwanza za wabunifu wake wawili, Shepherd na Turpin, halafu mbili za Enfield, kiwanda cha serikali. Walitengeneza kama milioni 4. Ilikua rahisi mpaka ikachekwa, bomba, springi, kipande cha chuma kizito na magazini imetoka ubavuni kama mkono wa birika. Na ilikua na tabia moja mbaya sana, ukiiangusha ingeweza kujifyatua yenyewe. Hiyo tuiweke kando kwanza, nitairudia.

Sten ilifika kila mahali Mwingereza alipofika, hata hapa kwetu wakati wa Emajensi, huku Mau Mau wa msituni wakijipigia bunduki zao kutoka kwa bomba la maji na komeo la mlango. Na ilifika Palestina, iliyokua chini ya Mwingereza vile vile. Huko Wayahudi wa Haganah, jeshi lao la siri, walikua wanaikopi kwa siri kwa vikarakana vilivyofichwa. Shida ikawa risasi. Hapa ndo kuna kisa nakipenda kuliko bunduki yenyewe.

Karibu na mji wa Rehovot walichimba kiwanda chini ya ardhi, chini ya kibutzi, hayo makao yao ya ushirika. Juu kulikua na dobi na bekari. Mlango mmoja ulikua chini ya mashine kubwa ya kufua, mwingine chini ya oveni ya mikate, na mashine ya kufua iliachwa ikinguruma ndo kelele ya huko chini isisikike. Shaba ya kutengeneza maganda walikua wanaiagiza kwa kisingizio cha kutengeneza vikopo vya lipstiki. Wafanyakazi hawakua wanaona jua mchana kutwa, wakaanza kupauka, na mtu wa kibutzi anatakiwa kuwa amechomwa na jua la shambani, sasa wakawa wanakalishwa chini ya taa maalum ndo wapate rangi! Kutoka 1945 mpaka 1948 pale zilitoka risasi zaidi ya milioni 2, zote za milimita 9. Kwa hivyo nchi ya Israel ilipozaliwa 1948 tayari kulikua na mazoea ya risasi hiyo moja, na bunduki ilibidi ifuate risasi, sio risasi ifuate bunduki.

Sasa ndo anaingia Uziel Gal. Alizaliwa Weimar, Ujerumani, 1923, akiitwa Gotthard Glas, akahamia Palestina 1936 baada ya Hitler kushika nchi. 1943 Mwingereza akamshika na bunduki, akahukumiwa miaka 6, lakini akasamehewa na kutoka 1946, na hiyo miaka ya ndani aliitumia kusoma mambo ya mitambo. Baada ya vita ya 1948 jeshi la Israel lilikua na bunduki za kila aina, mtumba tupu, hii ya huku na ile ya kule, na wakataka moja ya kwao, rahisi, isiyosumbuliwa na mchanga. Gal alipeleka yake, mwenzake Chaim Kara akapeleka nyingine, ya Gal ikapita 1951 na kufika kwa vikosi 1954. Aliomba isiitwe kwa jina lake. Wakaiita Uzi vile vile, kifupi cha Uziel. Kwa hivyo haina uhusiano wowote na cherehani wala na jezi, ni kama bunduki ingeitwa Kim kwa sababu fundi anaitwa Kimani.

Haya, ufupi wake unatoka wapi. Watu wengi nikiwauliza wananiambia "si walikata tu mtutu". Hapana, na hapa ndo utamu uko.

Baruti ikilipuka ndani ya ganda inasukuma pande mbili kwa nguvu sawa, risasi mbele na ganda nyuma. Nyuma ya ganda kuna kipande cha chuma kinaitwa bolti. Kwa bunduki kubwa bolti hufungwa na kufuli kabisa mpaka risasi itoke, lakini kwa hizi ndogo hakuna kufuli, kufuli ni uzito. Nenda Marikiti saa kumi na moja asubuhi utaelewa. Mkokoteni mtupu ukiusukuma na kidole unakimbia, lakini ukipakiwa magunia ya viazi, jamaa anausukuma na mwili wote na bado unaanza pole pole, inchi kwa inchi. Bolti ndo ule mkokoteni wa viazi. Inasukumwa kwa nguvu ile ile ya risasi, lakini risasi ni gramu chache tu na bolti ni nzito mara nyingi sana, kwa hivyo kabla bolti haijasonga vizuri risasi imeshatoka mtutuni na presha imeshuka. Ndo sasa bolti inarudi nyuma, inatupa ganda nje, inagonga springi, springi inairudisha mbele, ikipita inachukua risasi nyingine kutoka kwa magazini na kuifyatua. Hesabu zinasema mara 600 kwa dakika, yaani 10 kila sekunde.

Sasa angalia shida. Ukitaka bolti nzito, lazima iwe ndefu. Na bolti ndefu inataka nafasi ya kurudi nyuma. Kwa hivyo urefu wa bunduki ni mtutu, ongeza bolti, ongeza nafasi ya bolti kukimbia. Hata ukate kitako, hayo matatu yamebaki yamepangwa foleni.

Umewahi kuona sufuria zinavyouzwa Kamukunji? Seti nzima, kubwa mpaka ndogo, ukizipanga foleni zinajaza kibanda, lakini muuzaji anaziingiza moja ndani ya nyingine na zote zinakaa nafasi ya ile kubwa. Ndo hivyo tu. Badala ya bolti kuanza pale mtutu unaishia, sehemu yake kubwa ya mbele ina uwazi ndani na inauvaa mtutu kama mkono wa sweta. Uzito uko pale pale, ila umesogezwa mbele ukakaa juu ya mtutu. Na kwa sababu sasa risasi inafyatuliwa karibu na katikati ya bunduki, magazini inaweza kupita ndani ya mpini, hapo hapo mkono unaposhika traiga. Ukitaka kubadilisha magazini gizani huhitaji kuona, mkono mmoja unautafuta mwenzake, na hakuna mtu hukosa mkono wake mwenyewe hata stima ikipotea.

Nipime na kitu watu wa hapa wanakijua. Sterling ndo mtoto wa Sten, Mwingereza aliianza rasmi 1953, na kwenye plot yetu kuna mzee alikua askari miaka ya sabini na aliibeba. Ukikunja kitako Sterling ni milimita 481. Uzi ikikunjwa kitako ni 470. Utasema ah, tofauti ni ya kucha tu. Lakini mtutu wa Sterling ni milimita 196, wa Uzi ni 260! Yaani imemeza mtutu mrefu zaidi na bado ikawa fupi kuliko mwenzake. Ila imelipa kwa uzito, ni kama kilo 3 na nusu ikiwa tupu na Sterling haifiki 3. Mzee nilipomwambia habari za magazini kukaa kwa mpini alitikisa kichwa akaniambia, "Kijana, hiyo yetu ilikua inatoka ubavuni, ukiingia Land Rover kwa haraka inashika mlango, mlango unashika wewe, na insipekta anakuangalia tu."

Nitende haki hapa: Gal hakuanza hiyo akili. Wacheki walikua na bunduki yenye bolti ya kuvaa mtutu na magazini ndani ya mpini tangu 1948, Sa 23 ya Jaroslav Holeček. Ndio, Wacheki wale wale wa Ceska, ile bastola unaisikia kila siku kwa taarifa ya habari. Kama Gal aliiona ama akili mbili zilikutana njiani, watu wanabishana mpaka leo. Mimi naona hata kama aliiona, yeye ndo aliifanya ikae vizuri kwa bati. Ule mwili wa boksi wa Uzi ni bati la kubonyezwa, sio chuma cha kuchongwa siku nzima kwa mashine, na ile mistari niliyoiona kwa simu ina kazi mbili: inafanya bati lisipinde kama kwa sanduku la shule, na kwa ndani inaacha mifereji ya mchanga kukaa bila kukwama kwa bolti. Nilimwonyesha mzee wangu picha. Alitazama muda, akasema tu, "Huyu alijua bati," akarudi kwa nyundo.

Sasa ile tabia ya kujifyatua. Sten, Sterling, Uzi, zote ukikoki bolti inabaki nyuma, wazi, ikingoja. Traiga inaiachilia, inaruka mbele na kufyatua. Faida ni kwamba mtutu unapata hewa na hakuna risasi inakaa ndani ya chuma cha moto ikijipika. Hasara ya kwanza ni kulenga, ju umevuta traiga na kipande kizito cha chuma kinaruka mbele kabla risasi haijatoka, bunduki inatikisika. Ya pili ni kwamba bolti ambayo haijakokiwa, ukigongesha bunduki chini kwa kitako, inaweza kuruka nyuma kidogo, ikirudi inabeba risasi, na umeumiza mtu. Gal akaweka kitu nyuma ya mpini ambacho lazima kiganja kikibonyeze ndo bolti isonge. Bila mkono kushika, hakuna kitu. Ilipunguza sana hizo ajali.

Ikauzika. Waholanzi wakaichukua, Ujerumani Magharibi wakaiita MP2, Wabelgiji wa kampuni ya FN wakapewa leseni ya kuitengeneza, na 1956 ilikua vitani Sinai. Machi 30, 1981, nje ya hoteli ya Hilton kule Washington, Rais Reagan wa Marekani alipopigwa risasi, mlinzi mmoja alionekana kwa picha akiwa ametoa Uzi kutoka kwa mkoba wa makaratasi. Nadhani hiyo picha moja ilifanya matangazo kuliko pesa yoyote, muvi zote za miaka ya themanini zikaanza kuwapa maadui Uzi.

Hapa Nairobi kuna hadithi nyingine, ile ya Entebbe, Julai 1976. Wazee wengi wataapa kwamba makomando wa Israel walivamia huo uwanja wa ndege wa Uganda kuokoa mateka wakiwa na Uzi, na kwa sababu ndege zao zilijaza mafuta hapa Embakasi wakirudi, kila mtu ana binamu aliyeona. Lakini wale walioingia jengo la abiria walikua wamejifanya askari wa Amin, na Mercedes nyeusi na kila kitu, na askari wa Amin walibeba Kalashnikov, kwa hivyo nao walibeba Kalashnikov. Niliisema hii kwa kinyozi nikaambiwa nimesoma sana mpaka nikapotea.

Turudi kwa ufupi maana una deni. Baada ya mafanikio watu wakataka fupi zaidi. Miaka ya themanini ikaja Mini Uzi, halafu Micro Uzi. Ukifupisha bunduki bolti inakua nyepesi na nafasi ya kukimbia inapungua. Mtoto anapiga mpira ukutani, ukuta ukiwa mbali mpira unachelewa kurudi, ukuta ukiwa karibu unarudi kabla hajajipanga. Kutoka 600 kwa dakika, Mini ikapanda mpaka kama 950, Micro zaidi ya 1200, na hiyo Micro ni baada ya kuwekewa tangisteni ndani ya bolti, chuma kizito kuliko hata madini ya risasi (lead), kujaribu kuituliza. Kwa hivyo kadiri inavyokua ndogo ndo inavyokua kichaa na ngumu kuishika, kinyume kabisa na vile mtu angefikiria. Wacheki tena walikua na jibu la kijanja 1961 kwa ka-Škorpion kao, kadogo, kilo moja na kitu. Bolti ikifika nyuma inashikwa na ndoano, na ndani ya mpini kuna kijiwe cha chuma kinatumwa kwenda chini na kurudi juu, kikirudi ndo kinafungua ndoano. Yaani bolti inangojeshwa stage mpaka dereva arudi kutoka kununua sigara. Naipenda sana hiyo kama kazi ya fundi, ingawa sifa yake ni mbaya, 1978 ndo ilitumika kumuua Aldo Moro, waziri mkuu wa zamani wa Italia.

Kilichomaliza Uzi ni kulenga. Wajerumani wa Heckler & Koch walitoa MP5 miaka ya sitini, ndani yake ni mtambo wa G3, hiyo hiyo G3 unaiona begani mwa askari wetu, ila umepunguzwa. Badala ya uzito, viroli viwili vidogo vinachelewesha bolti, na bolti inafyatua ikiwa imefungwa, hakuna chuma cha kuruka mbele. Mei 1980 makomando wa SAS wa Uingereza waliingia ubalozi wa Iran London nazo huku televisheni zikionyesha moja kwa moja, na polisi wengi duniani wakajua wanataka ipi. Halafu bunduki za kawaida nazo zikafupishwa, fulana za kuzuia risasi zikaongezeka, risasi ya bastola ikaanza kuonekana kama ya watoto. Israel yenyewe iliitoa jeshini 2003. Gal alikua amekufa mwaka uliotangulia, Philadelphia, alikohamia 1976 kwa sababu ya matibabu ya binti yake.

Kwetu sheria ni moja, bunduki ya kumwaga haipewi raia hata uwe na leseni ya bastola, na zilizokamatwa huchomwa, kama zile 5,250 zilizowashwa moto Ngong Novemba 2016. Kwa hivyo hii yote ni maarifa ya kubishana nayo.

Na nimebishana. Jumamosi nilikua kwa kinyozi, kwa skrini kuna muvi ya kutafsiriwa na dijei, jamaa amesimama juu ya meza na Uzi mbili, moja kila mkono. Nikawaambia, magazini ya kawaida ni risasi 32, kwa 10 kila sekunde hiyo ni sekunde 3 na kidogo, basi, baada ya hapo ni kelele ya mdomo. Kinyozi akazima mashine, akachukua simu yangu akaweka saa ya kuhesabu, na mimi nimekaa pale nusu ya kichwa imenyolewa. Jamaa alifika sekunde 41 bila kubadilisha magazini, kisha stima ikapotea.